Usingizi wa Kuazima

Breki iliyokufa na breki isiyokanyagwa huacha alama ileile barabarani: hakuna. Inspekta alikuwa na maneno hayo kichwani alipokuwa akipanda ngazi za kampuni ya mabasi, na kila ngazi ilimkumbusha kwamba muda haukuwa wake. Kituoni walimwita Kijiko, kwa ufupi wake na kwa kuwa kila chungu alichotiwa alikikoroga hadi chini. Mbele yake hawakumwita hivyo, maana kazi walikuwa bado wanaipenda.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kusimulia. Wiki iliyopita basi la asubuhi lilitoka barabarani kwenye kona ya mteremko, likatumbukia bondeni na kuwaka moto. Abiria watatu walikufa, na dereva, ambaye kila mtu alimwita Taratibu kwa kuwa hakujua kukimbiza gari, alirushwa nje kupitia kioo akafa palepale. Breki ziliyeyuka zikawa donge la chuma ambalo mtaalamu aligeuzageuza kisha akalirudisha chini. Fundi aliyezikagua jioni ya kuamkia safari hiyo alikuwa mahabusu, na saa nane mchana angefikishwa mahakamani kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Hoja dhidi yake ilikuwa moja tu: kama si breki, ni nini? Dereva alikuwa amelala vizuri usiku kucha. Mashine ya kampuni ilisema hivyo, na mashine haina shangazi wala mjomba.

"Afande," koplo alisema nyuma yake, akihema, "yule abiria wa kiti cha mbele amezungumza hospitali. Anasema dereva hakupiga honi, hakupiga kelele, usukani hakuugusa. Basi lilinyooka tu kama linakwenda nyumbani."

"Wewe breki zikikukatikia mteremkoni utafanya nini?"

"Nitapiga honi mpaka ipasuke. Na mama yangu nitamwita."

"Haya. Yeye hakumwita mtu."

Meneja wa kampuni aliwapokea kwa mikono miwili na maji baridi. Alikuwa amenyoa vizuri, amevaa viatu ambavyo havijawahi kukanyaga gereji, na ukutani nyuma ya kiti chake palikuwa na bango kubwa lililoandikwa KANUNI ZA USINGIZI BORA. Weka pazia zito. Epuka chai na kahawa jioni. Lala saa ileile kila siku. Simu na televisheni zikae nje ya chumba. Ondoa kelele karibu na dirisha. Chini ya kanuni hizo palikuwa na picha ya mwanamume amelala huku anatabasamu, mtu ambaye dhahiri hajawahi kuendesha basi.

"Sisi usalama kwanza," meneja alisema. "Kila dereva tumempa bangili. Analala nayo, anaendesha nayo, inapima usingizi wake, inapima mapigo ya moyo. Asubuhi anaiweka kwenye mashine pale getini. Taa ikiwaka kijani, anapewa ufunguo. Ikiwaka nyekundu, anarudi nyumbani, na siku hiyo haina malipo."

"Nasikia madereva wanaiita Mnyapara."

Meneja alicheka kidogo. "Utani wao."

"Na zikizidi nyekundu?"

"Tunaagana naye kwa amani."

"Kwa amani ya nani?"

Meneja alinywa maji. Inspekta aliomba kuona rekodi za Taratibu, na meneja akageuza kompyuta kwa fahari ya mzazi anayeonyesha matokeo ya mtoto. Mwanzoni nyekundu zilikuwa nyingi. Walimwita, wakamsomea bango, wakamwonya. Kisha ghafla, tangu mvua zilipoisha, kijani juu ya kijani.

"Alikuwa mfano wetu," meneja alisema. "Tulitaka kumpa cheti. Kulikuwa na jambo moja tu dogo, moyo. Usiku mapigo yake yanaruka. Mara yanapotea, mara yanarudi kwa mbio. Tulimwambia amwone daktari, akasema ameshamwona."

"Na mchana, akiwa barabarani?"

Meneja alivuta rekodi kwenye kioo mbele, akavuta nyuma. "Mchana yako sawa."

"Moyo wa namna gani huo, unaumwa usiku na kupona mchana?"

"Mimi si daktari, afande."

"Hata mimi. Nauliza kama mtu mwenye moyo." Inspekta aligeukia koplo. "Daktari wa maiti aliandika nini?"

"Moyo mzima, afande. Aliandika kama wa fahali, halafu akakata, akaandika wa kawaida."

Meneja alikunja mikono. Iwe moyo au iwe breki, alisema, kampuni ilishafanya wajibu wake. Inspekta alikuwa ametoa bangili ya marehemu kwenye mfuko wa vielelezo na kuiinua dirishani. Ilikuwa kitu chepesi cha mpira mweusi, chenye kioo kidogo na mkanda wa matundu kama wa saa. Mkanda ulikuwa na mkunjo kwenye tundu la nje kabisa, pale bizimu ilipokaa siku walipomwokota Taratibu. Hilo lilieleweka, maana Taratibu alikuwa pande la mtu. Lakini ulikuwa na mkunjo wa pili mbali sana ndani, na matundu yote ya katikati yalikuwa mapya kama yalivyotoka dukani.

"Lete mkono," alimwambia koplo.

Kwenye tundu lile la ndani bangili haikumfunga koplo hata kwa kulazimisha. Inspekta alijaribu kwake mwenyewe, mkono wake mdogo unaochekwa kituoni, ikambana hadi vidole vikafa ganzi. Kisha akaliangalia tundu lenyewe kwa karibu. Mengine yote yalikuwa ya mviringo safi. Hili lilikuwa na kingo zilizoyeyuka, limetobolewa kwa msumari wa moto, na aliyelitoboa alikuwa ametumia jicho na mkono uliozoea, kwa kuwa lilikaa katikati barabara.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema, akairudisha bangili mfukoni. "Huyu mtu alikuwa analaliwa."

Koplo alimtazama. Meneja alitazama bango.

*

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na fulana ileile aliyokamatwa nayo. Alikuwa shemeji wa marehemu: dada yake ndiye aliyeolewa na Taratibu, na kwa miaka yote hiyo wanaume hao wawili walikuwa wakila sahani moja. Aliketi, akaweka mikono mezani. Alikuwa amejaribu kuzisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti.

"Breki zilikuwa nzima," alisema kabla hajaulizwa. "Nimesema mara ya kwanza, nasema na leo. Sina jingine."

"Nami nakuamini."

Hilo hakulitarajia. Inspekta aliweka mfuko wa bangili mbele yake na kuugeuza mpaka tundu la ndani likaonekana.

"Hili umelitoboa wewe."

Fundi hakuligusa.

"Umelitoboa kwa ajili ya nani?"

"Muulize aliyekufa."

"Aliyekufa hapelekwi mahakamani saa nane. Wewe unapelekwa. Taratibu alikuwa halali, wewe ulijua halali, na kuna mtu alikuwa anavaa kitu hiki usiku kwa niaba yake. Nipe mtu huyo, jioni uko kwenu."

"Nikikupa, mimi nitatoka," fundi alisema polepole. "Na yeye ataingia."

"Hakuna atakayemfunga mtu kwa kulala."

"Sisemi kuingia huku, afande." Alionyesha kuta kwa kidevu. "Kuna kuingia kubaya kuliko huku."

"Ni dada yako?"

Aliinamisha kichwa, na Inspekta akadhani amepata. Lakini fundi alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa maji, na wala hakuwa na sura ya mtu aliyebanwa. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka.

"Nimekula chakula chake tangu sijaota ndevu. Leo ananiita muuaji barabarani, watu wanasikia. Na aniite. Hilo jina mimi nitalibeba, nina mabega. Yeye hawezi kubeba lake." Alifuta uso kwa mkono wa fulana. "Tundu nimelitoboa mimi. Andika hivyo. Nifungwe kwa hilo, yaishe."

"Sheria haina kosa la kutoboa mkanda."

"Basi sheria yenu haijui kitu," fundi alisema, akanyoosha mikono afungwe pingu.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na vyumba viwili mbele, ua katikati, na chumba kimoja nyuma. Mjane aliwafungulia. Mikononi mwake bado palikuwa na unga kwenye mikunjo ya vidole, kwa kuwa kiwanda cha mikate kilimpa siku chache za msiba kisha kikamwita arudi zamu yake ya usiku.

"Mume nimefiwa, kaka mmemchukua, mama mkwe salamu yangu haipokei," alisema, akawasogezea viti. "Mmebakiza nini, afande? Karibuni mkae."

Inspekta alimwomba mkono kabla hajaketi. Mjane aliunyoosha bila kuelewa. Ulikuwa mkono mnene wa mtu anayekanda unga, na bangili iligoma nusu ya njia. Zaidi ya hapo alikuwa kiwandani kila usiku, mbele ya watu wa zamu nzima. Kwa hiyo si yeye. Inspekta aliketi, akahisi kesi ikimteleza kama sabuni.

"Mumeo alikuwa analala?"

"Kabla ya hiyo takataka alikuwa analala kama gunia la chumvi. Ungeweza kumhamisha na kitanda." Mjane aliitazama bangili kwa chuki iliyo wazi. "Walipomvalisha ndipo mambo yakaharibika. Siku ya kwanza ikamwambia hukulala vizuri. Siku ya pili akalala akiwaza kulala vizuri. Mwisho akawa anaamka kuangalia kama amelala."

Alicheka, kicheko kikamponyoka kabisa, akaziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Ilimchukua muda kutulia.

"Nikamwambia waeleze. Akasema nitawaeleza nini, kwamba mashine ya kunisaidia kulala inaninyima usingizi? Watanicheka, halafu watanifukuza. Baadaye ikaisha. Akaanza kuja na kijani kila siku. Mimi nikirudi asubuhi ameshaondoka, lakini nasikia ni kijani. Nikamshukuru Mungu."

"Tangu hapo, wewe mwenyewe kwa macho yako, umewahi kumwona amelala?"

Mjane aligeuka kutazama kiti cha plastiki kilichokuwa mlangoni, kimepasuka mguu mmoja.

"Siku zake za mapumziko alikuwa anakaa pale," alisema. "Anatazama ukuta. Nilidhani anafikiria mambo."

Inspekta aliomba kuona chumba cha kulala. Pazia lilikuwa jepesi kama kitambaa cha kuchujia, jua likipita lote. Televisheni ilikuwa miguuni mwa kitanda, chaja ya simu kwenye mto, birika la kahawa kwenye kiti. Nje ya dirisha, karibu kiasi cha kushikana mikono, palikuwa na banda la kuku, na jogoo mmoja mwekundu alikuwa anawika saa tano mchana kwa sababu zake binafsi. Kila kanuni ya lile bango la meneja ilikuwa imevunjwa ndani ya chumba hicho kimoja. Mtu anayepata kijani kila siku hakuwa akiipatia humo.

"Banda hili lilikuwa hapa siku zote?"

"Hapana. Lilikuwa kule nyuma. Alilihamisha yeye. Alisema jogoo anamsumbua mama yake."

"Kwa hiyo akamleta dirishani kwake."

"Nilimuuliza hivyohivyo, afande. Nikamwambia wewe ndiye huna usingizi, halafu unamkaribisha jogoo? Akasema wewe niachie."

Inspekta alitazama ng'ambo ya ua. Chini ya dirisha la chumba cha nyuma palikuwa na kipande cha ardhi kilichobaki wazi, mraba, pale banda lilipokaa zamani. Dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa ndani kwa kitambaa kizito cha rangi ya kahawia chenye pindo la njano. Alikwisha kukiona kitambaa hicho. Kilikuwa pazia la basi.

Alimsikia fundi tena: nimekula chakula chake tangu sijaota ndevu. Inspekta alishika fremu ya dirisha. Alikuwa ametafuta jibu hilo asubuhi yote, na sasa alitamani liwe la mtu mwingine yeyote.

"Mama mkwe wako anaumwa?" aliuliza.

"Moyo," mjane alisema. "Mume wangu ndiye aliyempeleka zahanati, hata hakuwa amelalamika. Tulishangaa alijuaje."

*

Bibi alikuwa ameketi kitandani, mwembamba, mgongo umenyooka, kitambaa cheusi kichwani. Chumba kilikuwa na giza la jioni ingawa jua lilikuwa kali nje. Hapakuwa na redio, hapakuwa na simu. Shuka zilikuwa zimetandikwa bila hata mkunjo mmoja, na kwenye meza ndogo palikuwa na vidonge vya moyo na glasi ya maji iliyofunikwa. Inspekta hakuhitaji kupima mkono wa mtu huyo. Juu ya kifundo cha mkono, pale ngozi ilipokuwa nyembamba kama ya kitunguu, palikuwa na kialama cha mraba cha vipele vidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunirudishia saa yangu?"

Koplo, aliyekuwa anafungua kalamu, alisimama nayo hewani.

"Ni yako, mama?"

"Ya mwanangu, lakini usiku ilikuwa yangu. Polisi walikuja hapa mara mbili, wote wanamuuliza mke. Mimi hakuna aliyeniuliza." Alisema hayo bila kulaumu. "Kaa hapo. Kiti hicho kizima."

Inspekta aliketi. Alimwomba amweleze ilivyokuwa, na bibi akaeleza kwa furaha ndogo ya mtu ambaye kwa siku nyingi hajapewa nafasi ya kumzungumzia mtoto wake.

"Alikuja jioni moja akakaa chini hapo, pande la mtu zima. Akasema, mama, usingizi umenikimbia. Nikamwambia huo ni wa tangu zamani, ulipokuwa mchanga nilikubeba usiku kucha. Akacheka. Akanivalisha hii saa. Ilikuwa inanipwaya, akaenda nayo kwa shemeji yake ikarudi na tundu. Akasema, ukinilalia wewe, mama, mimi nitafanya kazi yangu."

"Wewe ukaelewaje?"

"Nikaelewa alivyosema. Nikilala mimi, usingizi unakwenda kwake." Alimtazama Inspekta kana kwamba anamhurumia kwa kuwa mzito. "Simu inachukua sauti ya mtu huku inaipeleka nchi nyingine, haina hata waya. Sasa usingizi ndio ushindwe?"

"Hapana, mama."

"Basi nikawa namlalia. Sikufanya mchezo. Chai ya jioni niliacha, na mimi chai ndiyo maisha yangu. Akaniletea pazia, akalipigilia mwenyewe. Akamwondoa jogoo. Nilikuwa naingia kitandani watu bado wanapiga soga uani. Alfajiri anakuja kuivua, anaangalia kioo, ananibusu hapa." Aligusa paji la uso. "Anasema, mama, umenipa kijani. Mtoto mwenye ndevu na mvi, lakini anakuwa kama amepewa nguo mpya. Tangu baba yake afariki hakuna kitu nilichoweza kumpa mtoto yule. Hicho niliweza."

Kalamu ya koplo ilikuwa inakwaruza karatasi. Inspekta alitamani ikwaruze polepole zaidi.

"Sasa nikuulize na mimi," bibi alisema, na sauti yake ikashuka. "Wewe ni mtu wa serikali, utakuwa unajua. Usiku ule wa mwisho moyo ulinisumbua. Ulikuwa unarukaruka, nikachelewa kusinzia. Nimekaa na jambo hili siku zote hizi, simwambii mtu. Nilimlalia vya kutosha? Au nilimpunja?"

Inspekta alikuwa ameulizwa maswali na majambazi, na mawakili, na wakubwa wake wakiwa na hasira, na siku zote alipata la kujibu. Alitazama vidonge mezani.

"Ulilala vizuri, mama. Taa ilikuwa ya kijani."

Bibi alifumba macho. Pumzi ndefu ilimtoka, na mabega yake yakashuka.

"Basi si mimi," alisema. "Ni yule fundi. Chakula changu alikula, na mwanangu akaniulia. Afungwe."

Hapo ndipo Inspekta alipoona mtego wote, na kwamba aliyemo ni yeye. Maelezo hayo yalikuwa yamekamilika. Yalikuwa yanamtoa fundi kabla ya jioni. Lakini kanuni ya kazi yao ilikuwa moja, na alikuwa amewafundisha vijana wengi kwa ukali: maelezo husomwa kwa aliyeyatoa, neno kwa neno, ndipo aweke sahihi au dole gumba. Bila hivyo wakili yeyote angeyachana. Na aya ya mwisho, ile iliyounganisha yote, alikuwa ameiandikisha yeye mwenyewe kwa koplo kwa sauti ya chini pale dirishani, kabla hawajavuka ua, na koplo alikuwa ameinakili chini ya maneno ya bibi.

Alichukua karatasi. Alisogea karibu na bibi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma. Alisoma habari za saa, na tundu, na pazia, na jogoo. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kila sentensi, akifuatisha kidole kwa macho. Walipofika mistari ya mwisho Inspekta aliinua sauti kidogo, akairuka mitatu, na kumalizia: "Haya ni maelezo yangu ya kweli, nimeyatoa kwa hiari yangu."

"Umeruka," bibi alisema.

"Mama?"

"Sijui kusoma, mwanangu, lakini naona. Kidole kimetembea na mdomo umesimama. Rudi hapo."

Koplo alitazama viatu vyake. Nje jogoo aliwika tena, kwa mbali. Inspekta alirudisha kidole mahali pale, na alijisikia mnyonge kuliko siku yoyote aliyowahi kuvaa magwanda.

"Kwa sababu hiyo," alisoma, "mashine ilionyesha kwamba marehemu amelala, wakati hakuwa amelala. Marehemu hakulala usiku huo, wala siku nyingi kabla yake. Alisinzia akiendesha."

Mkono wa kulia wa bibi ulikishika kifundo cha kushoto, pale penye alama.

"Alikuwa halali?"

"Alikuwa halali, mama."

"Hata nilipomlalia?"

"Hata ulipomlalia."

"Haukuwa unakwenda kwake."

"Haukuwa unakwenda."

"Ile kijani." Alisita, akajaribu tena. "Ile kijani ndiyo iliyofanya wampe gari."

Inspekta alitaka kumwambia kwamba waliompa gari ni watu, kwamba kuna meneja mwenye viatu safi na bango ukutani, kwamba mwanaye alikuwa mtu mzima na alijua anachofanya. Yote yalikuwa kweli, lakini bibi alikuwa tayari amenyoosha dole gumba kuelekea kwenye kikopo cha wino.

"Mama, huna haja ya kuharakisha."

"Yule mtoto wa watu anakula nini huko ndani?" bibi aliuliza. "Hajui kula chakula kilichopoa. Lete karatasi."

Alikandamiza dole kwa nguvu, akaliacha pale hadi koplo akamshika mkono taratibu na kuuinua. Koplo alitoka na karatasi mbio kwenda kwenye gari. Kulikuwa na muda wa kutosha kufika mahakamani, na fundi angetoka, na meneja angesema kampuni ilidanganywa, na huenda angeaminiwa. Inspekta alibaki. Alimimina vidonge kiganjani, akamfunulia bibi glasi ya maji. Bibi alivitazama, akavirudisha mezani kimoja kimoja.

"Nifungulie hilo pazia, mwanangu," alisema. "Sasa sina wa kumlalia."

Inspekta alikwenda dirishani na kuvuta. Halikusogea. Alivuta kwa mikono miwili, kwanza upande wa chini, kisha pembeni, na kitambaa kikanguruma bila kuachia, maana Taratibu alikuwa amelipigilia misumari pande zote nne, mmoja karibu na mwenzake, kazi ya mtu asiyefanya kitu kwa haraka.